Tumbo la Ndege

Kisa ninachonuia kukusimulia kilianza na kosa dogo la usomaji. Mnamo Januari mwaka wa 2024, shangazi yangu ambaye ni muuguzi nchini Uingereza aliingia katika duka la mitumba akaliona kasha la kadibodi lililoandikwa neno "Harvard" kwa herufi nene. Akamkumbuka mtoto wa kaka yake anayehangaika na shahada ya uzamili huku Nairobi. Alikuwa na haraka ya kuwahi zamu ya usiku, na miwani yake ilikuwa ndani ya mkoba. Basi akalipa pauni chache, akalitia kasha lile mfukoni pamoja na sweta mbili, na baada ya majuma kadhaa likanifikia kwa mkono wa msafiri. Juu yake palibandikwa kijikaratasi: "Nimekupatia kitu cha Chuo Kikuu cha Harvard. Soma kwa bidii, mwanangu."

Nililifungua kwa pupa. Sikukuta kitabu, kalamu wala shati lenye nembo ya chuo. Nilikuta fremu kumi na tatu za plastiki ya kijivu, na kwenye kila fremu vipande vidogo vidogo vimening'inia mithili ya matunda mabichi: hapa bawa, pale gurudumu, kule kiti kisichozidi ukubwa wa ukucha. Harvard hiyo ilikuwa ndege! Naam, ndege ya kuunganisha kwa mikono, katika kipimo cha 1:32, maana yake kila sentimita 32 za ndege halisi zimefupishwa zikawa sentimita moja. Ndege halisi ina upana wa mita 12.8 kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine. Yangu ingekuwa na sentimita 40, karibu nusu ya meza yangu ya kusomea.

Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Maelezo yaliyokuwa kashani yalinijuza kwamba ndege hiyo iliundwa na kampuni ya North American Aviation ya Marekani, kwamba Waingereza ndio walioipa jina la Harvard, na kwamba kazi yake ilikuwa kuwafunza marubani. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma. Zaidi ya ndege 15,000 za ukoo huo zilitengenezwa, na vijana wengi wa Vita vya Pili vya Dunia walijifunza kuruka ndani yake. Nikajiambia kwamba shangazi hakukosea sana. Ilikuwa ndege ya masomo.

Sina budi kukiri kwamba zawadi hiyo ilinikuta katika hali ya unyonge. Tasnifu yangu inahusu usawiri wa msitu katika riwaya za Kiswahili zinazosimulia vita vya Mau Mau, kuanzia *Kaburi Bila Msalaba* ya P. M. Kareithi iliyochapishwa mwaka wa 1969. Sura ya tatu ilikuwa imerudi kutoka kwa msimamizi wangu ikiwa imejaa wino mwekundu. Makosa ya tahajia na ya manukuu niliweza kuyarekebisha. Lakini chini ya ukurasa wa mwisho aliandika swali moja tu: "Msitu huu unaonwa na nani?" Nilikaa na swali hilo majuma matatu bila kuandika sentensi hata moja. Kila nilipoiwasha tarakilishi, swali lilikuwa limeniwahi pale. Ndipo nikaigeukia ndege. Mja akishindwa na kazi yake hutafuta kazi nyingine ya kushindwa nayo.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Kwanza huoshi mikono yako tu, bali unaziosha fremu zenyewe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na utando wa mafuta ya kuibandulia kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha unakata kipande kimoja, unakiondolea kinundu kilichobaki pale kilipokuwa kimeshikamana na fremu, unakipiga msasa, unakijaribu mahali pake bila gundi. Kisipokaa vizuri unarudia. Vifaa vyangu vilikuwa vya kimaskini: kikata kucha, wembe, msasa niliounua katika duka la vifaa vya ujenzi, vibanio vya nguo vya kubania mabawa yanapokauka, na kibano cha kunyolea nyusi ambacho dada mmoja wa chumba cha pili aliniazima kwa masharti makali.

Gundi yake si gundi ya kunatisha tu. Huiyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, na pande hizo zikibanwa pamoja hukauka zikiwa kitu kimoja. Ukikosea, hakuna kubandua. Nilijifunza hayo siku nilipokuwa nikiunganisha bawa la kushoto. Tone moja lilitambaa kwenye ufa likaingia chini ya kidole gumba changu nami sina habari. Nilipokiinua kidole, niliona alama yake imechapwa katika plastiki, mistari yote, kama ile tunayopigwa tunapoomba kitambulisho. Ungeweza kunishtaki kwayo. Niliitazama kwa uchungu, kisha nikajifariji kwamba upande ule ulikuwa wa chini ya bawa. Nikasema moyoni: nani atakayeliangalia tumbo la ndege?

Injini ilinichukua juma zima. Ina silinda tisa zilizopangwa kwa duara kama petali za alizeti, na kila silinda ina mapezi membamba ya kuipoza kwa upepo. Injini halisi ni ya Pratt & Whitney, R-1340, yenye nguvu za farasi 600. Nambari hiyo 1340 ni ujazo wa silinda zake kwa inchi za ujazo. Naomba uikumbuke, msomaji, maana tutakutana nayo tena. Chumba cha marubani kilinila siku nyingine nne. Kina dashibodi mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, nami nilizipaka mishale ya saa zake kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, nikiwa nimeizuia pumzi. Nilipokifunika kwa paa lake refu la kioo, robo tatu ya kazi hiyo ilitoweka machoni. Sikujuta. Nilijua kwamba mishale ipo.

Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, sikuweza kukaa na chombo miezi mitatu bila kukiita kwa majina yake. Nilifungua daftari la istilahi. Panga linalozunguka puani kamusi inaliita rafadha, neno zuri ambalo sijawahi kumsikia fundi yeyote akilitamka. Mafundi husema propela na kazi inaendelea. Lakini sehemu nyingi nyingine hazikuhitaji kamusi: pua, tumbo, mabawa, mkia, miguu, kiwiliwili. Lugha yetu ilikwisha kuamua zamani kwamba chombo hiki ni kiumbe, ikakipa jina la kiumbe mwenyewe, ndege. Nikakumbuka kwamba lugha ya mama yangu, Kigikuyu, ililikopa neno hilo la Kiswahili lakini ikalitumia kwa chombo peke yake. Kiumbe cha Mungu kilibaki na jina lake la asili, *nyoni*. Kwa Mgikuyu, *nyoni* hutaga mayai juu ya mti, na *ndege* ni kitu kingine kabisa. Niliuandika utofauti huo daftarini kama jambo la kufurahisha la isimu, nikafunga daftari.

Mwezi wa Mei ndege ilikuwa imesimama kwa miguu yake, haijapakwa rangi. Karatasi ya maelezo ilipendekeza rangi kadhaa za majeshi mbalimbali, nami nikataka kujua Waingereza waliipaka ipi katika miaka ya baada ya Vita vya Pili. Kwa hiyo nilikwenda maktabani. Nilikuwa na vitabu vya historia ya Hali ya Hatari nilivyoviazima kwa ajili ya tasnifu. Nilipokuwa nikivirudisha, nilikifungua kimoja nikapitisha kidole katika faharasa bila kutarajia lolote, kwenye herufi H. Harvard ilikuwepo.

Nilisoma nikiwa nimesimama kati ya rafu. Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi wa Machi 1953 Jeshi la Anga la Uingereza liliunda kikosi kidogo cha ndege za Harvard, zilizotolewa katika vyuo vya marubani vya Rhodesia ya Kusini. Kikosi hicho kilianzia Thika, kisha kikahamia Mweiga, chini ya Nyandarua. Ndege za kufundishia zilifungwa bunduki ya rashasha na vishikizo vya mabomu chini ya mabawa, kila moja ikabeba mabomu manane ya ratili 20. Mwezi wa Novemba mwaka huo zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne, zikiruka kutoka Eastleigh hapa Nairobi na kuangusha mabomu ya ratili 500 na 1,000. Baadaye zikaja pia ndege ndogo zenye vipaza sauti, zikizunguka juu ya miti na kuwahimiza waliokuwa msituni wajisalimishe. Misitu ilikuwa imetangazwa eneo la marufuku, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Kikosi kile cha Harvard kilipewa nambari. Kiliitwa 1340.

Ilikuwa sadfa tupu, nambari ya kikosi na nambari ya injini. Wala haina maana yoyote. Hata hivyo, nilipigwa na bumbuazi kana kwamba mtu ameniita kwa jina langu mahali nisipojulikana.

Jioni hiyo niliwaeleza wenzangu wawili kibandani tunakonywea chai. Mmoja alisema niichome. Alisema hakuna mjukuu wa Nyeri anayepaswa kuilea ndege hiyo mezani kama yai. Wa pili alisema plastiki ni plastiki, na kwamba tukianza kuchoma kila kilichokuja na mkoloni tutaanza na reli na kumalizia na chai tuliyokuwa tukinywa. Wote wawili walikuwa na hoja, na hoja zao zote mbili zilipita kando ya kilichoniuma. Nilichokionea haya hakikuwa kuwa na ndege. Nilikuwa nikiijua. Nilijua idadi ya mapezi ya silinda zake, nilijua rangi ya mikanda ya viti vyake, na nilikuwa nimeiona kuwa nzuri. Nilipofika chumbani niliifungua sura ya tatu, nikatafuta mahali nilipoitaja. Palikuwa na sentensi moja, ukurasa wa 61: "Msitu ulishambuliwa kwa ndege." Maneno manne. Mtendaji hayupo, mtendwa ni mti. Miezi mitatu nilikuwa nimeipa injini ya plastiki uangalifu ambao sikuwa nimewapa watu walioisikia ikipita.

Niliamua kuimaliza, kisha niipeleke kwa nyanya yangu. Naomba usinidhanie ushujaa, msomaji. Nilikuwa nikijua tangu utotoni kwamba alikulia ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, na kwamba kaka yake mkubwa aliingia msituni asitoke. Kwetu jambo hilo lilikuwa likitajwa kama kinavyotajwa kilima kilicho nyuma ya nyumba. Hakuna aliyelisimulia. Nami, msomi wa fasihi ya vita hivyo, sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nikisema kwamba namstahi. Ukweli ni kwamba vitabu havilii mbele yako, na mimi niliwapendelea mashahidi wasiolia.

Niliipaka rangi ya fedha na mikanda ya manjano. Bomba la moshi la Harvard hutokea upande wa kulia wa pua, na moshi wake huchafua ubavu wa upande huo. Basi nikachukua masizi chini ya sufuria, nikayasugua hapo kwa kidole. Upande wa juu niliupaka mara tatu, nikiupiga msasa laini kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine. Upande wa chini niliupaka mara moja. Kasha langu halikuwa na bomu hata moja, nami sikujitengenezea.

Mnamo Agosti nilipanda matatu ya kwenda Nyeri, ndege ikiwa ndani ya kasha la televisheni nililolijaza vipande vya magazeti. Utingo alinitoza nauli ya kiti cha pili. Nilipomwambia kwamba ni ndege, alijibu kwamba kama ni ndege ingefaa iruke ifike yenyewe. Abiria walicheka, nami nikacheka, lakini mikono yangu haikuliachia kasha hadi mwisho wa safari. Kufikia Karatina kijiti cha simu ya upepo kilichokuwa mgongoni mwake kilikuwa kimevunjika.

Nyanya alikuwa na umri wa miaka 83. Nilimkuta akichambua maharagwe uani pamoja na ami yangu, ambaye ndiye anayeishi naye. Baada ya salamu na chai, niliitoa ndege nikaiweka mezani. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kigikuyu, nami nayatoa hapa kwa Kiswahili kadiri ya uwezo wangu.

"Umeinunua?" aliuliza.

"Shangazi alinitumia vipande, nyanya. Nimeviunganisha mwenyewe."

Alivaa miwani. Alikisifu kioo, akayasifu magurudumu, akamwambia ami kwamba mikono ya babu yangu, aliyekuwa seremala, haikupotea. Aliuliza kama inaruka nikamwambia hairuki. Wakati huo wote alikuwa akiitazama kama unavyoitazama kazi ya mtoto. Mimi nami, kwa woga, sikuwa nimesema ni ndege gani.

Kisha akainyanyua. Aliishika kwa mikono miwili, akainuka kutoka kitini polepole, akaipandisha juu ya kichwa chake mpaka mikono ikanyooka, akaitazama kwa chini. Alibaki hivyo. Maharagwe yalikuwa yakimwagika kutoka mapajani mwake naye hana habari nayo.

"Ni hii," alisema.

Ami akaniangalia. Nikasema ndiyo, ni hiyo.

"Ukiiweka mezani siijui," alisema. "Sikuwahi kuiona mgongo. Hii ndiyo tuliyoijua sisi."

Nilimuuliza kama rangi ndiyo hiyo. Alinishangaa. "Rangi? Unatazama juu, jua liko nyuma yake. Kwenye jua kila ndege ni nyeusi."

Aliketi, akaiweka mapajani badala ya maharagwe, akasimulia. Mwaka wa 1954 alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Wanawake wa kijiji walitolewa kila asubuhi chini ya ulinzi kuchimba lile handaki lililotenganisha vijiji na msitu, lililotiwa mianzi iliyochongwa ncha ili chakula kisiwafikie waliokuwa ndani. Mama yake alikuwa na homa, kwa hiyo yeye alikwenda kumsaidia ili sehemu aliyopimiwa ikamilike. Askari waliwakataza kuinua vichwa ndege ilipopita. "Tuliinua kwa wizi," alisema. "Lakini masikio hayakuwa na askari."

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba rafadha ya Harvard huzunguka kwa kasi kubwa hivi kwamba ncha zake hukaribia mwendo wa sauti yenyewe, na ndiyo sababu ndege hiyo hujulikana kwa mngurumo mkali wa kukereza. Nilikuwa karibu kumweleza hayo. Hakunipa nafasi. Aliifungua midomo yake akaitoa sauti ile. Ilianza chini kooni, ikapanda ikawa kama msumeno unaokata bati, ikashuka, ikapanda tena. Ami, mtu wa miaka sitini, alisimama akaenda kuegemea nguzo ya mlango. Baadaye aliniambia kwamba hakuwahi kuisikia sauti hiyo ikitoka kwa mama yake maisha yake yote.

"Ikienda ilikuwa inapanda mlima, inalia hivyo," alisema. "Ikirudi ilikuwa inateremka, hailii sana. Kati ya kwenda na kurudi, ndipo vishindo. Mama alikuwa akivihesabu. Hakuacha kuchimba, maana angepigwa, lakini nilimwona midomo ikicheza. Kimoja, viwili. Vilikuwa vinane. Baada ya cha nane alishusha pumzi, kwa sababu alijua hiyo imeisha mpaka ije nyingine. Mtoto wake alikuwa huko."

Sikuwa nimemtajia nambari yoyote. Ile nane niliyoisoma maktabani, iliyopangwa vizuri kati ya ratili na rashasha, mama mzazi wa nyanya yangu aliijua kwa midomo yake, handakini, jembe likiwa mkononi. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekipima kitanda kile urefu na upana.

Nilimuuliza kama ni bomu lililomuua kaka yake. Alisema hawakuambiwa. Hawakuonyeshwa kaburi wala nguo. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni London, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228 waliotendewa ukatili wakati wa Hali ya Hatari. Nyanya hakuwa miongoni mwao. Hakuwahi kwenda kujiandikisha. Nilipomuuliza sababu, aliuliza naye: angeonyesha kovu gani? Alikuwa amesikia tu.

Alipokuwa akiigeuza ndege ili anirudishie, kidole chake kilipita chini ya bawa la kushoto, kikasimama. Macho ya nyanya si mazuri, lakini vidole vyake huchambua maharagwe gizani. "Hapa pana nini?"

Niliona haya. Nikamweleza kuhusu gundi, na kwamba nilidhani hakuna atakayeangalia upande huo. Nikamwahidi kwamba nikirudi Nairobi nitapapiga msasa na kupapaka upya.

"Paache hivyo hivyo," alisema.

Ami alishauri ndege iwekwe juu ya kabati, karibu na picha ya babu, ili watoto wasiifikie. Nyanya alikataa kwa sauti ambayo sikuitarajia. "Isiwekwe juu. Iwekeni chini, pale kwenye kigoda. Nataka niwe naitazama mimi kutoka juu."

Tukaiweka kwenye kigoda.

Niliporudi Nairobi nilimpigia shangazi simu nikamweleza ile Harvard yake ni ya aina gani. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha hakuuliza kuhusu ndege. Aliuliza: "Mama alisema vinane?" Yeye, binti yake wa kumzaa, hakuwa akijua.

Sura ya tatu niliiandika upya kwa majuma sita. Niligundua kwamba nilikuwa nimeuangalia msitu kwa macho ya watu wawili tu: mpiganaji aliye ndani yake, anayeuona kuwa ngome, na mkoloni aliye juu yake, anayeuona kuwa shabaha. Wa tatu sikuwa nimempa hata jina. Huyu amesimama ukingoni, amekatazwa kuinua kichwa, na msitu kwake ni kitu cha kusikilizwa. Niliporudi kwenye riwaya zangu nikiwa na sikio hilo, nilianza kutafuta sauti, si mandhari tu: nani anayesikia, anasikia nini, na mwandishi anamwachia nafasi ya kusema alichokisikia au anaendelea na safari ya shujaa wake. Sentensi ya ukurasa wa 61 niliifuta. Mahali pake pana sehemu nzima, na ndani yake simulizi ya nyanya nimeinukuu kwa idhini yake kama ninavyomnukuu mhakiki yeyote. Msimamizi wangu aliisoma, akaitia wino mwekundu kwenye tahajia mbili, na chini ya swali lake la zamani akaandika neno moja: "Endelea."

Wanafunzi wenzangu, sisi tunaoshughulika na fasihi pia tunaunda vielelezo. Tunaichukua nchi nzima, vita vizima, tunavifupisha viingie katika kurasa 120, na tukiwa waaminifu tunahakikisha kila silinda imekaa mahali pake. Kazi hiyo ni halali na ina raha yake. Mimi bado naipenda, na nikipata kasha jingine nitaliosha kwa sabuni na kuanza upya. Lakini kielelezo changu, pamoja na usahihi wake wote, kilikosa sauti, na sauti hiyo ilikuwa uani kwetu, safari ya saa chache kutoka maktabani, katika koo la mtu mwenye umri wa miaka 83. Vitabu vitatungoja. Wengi wa wale waliokuwa handakini hawapo tena, na waliobaki hawatatungoja sana. Kila mmoja wetu ana mlango wa kuubisha kabla haujafungwa. Nenda ukaubishe, na ukienda, usitangulize maswali yako yote. Beba kitu, kiweke mezani, kisha mwache mwenyewe akinyanyue.

Kijiti cha simu ya upepo sikukirekebisha, na ile alama ya kidole ingali pale. Ami ananiambia kwamba nyanya huipita ndege kila asubuhi akienda kuwapa kuku mtama. Husimama kidogo kando ya kigoda, akaitazama mgongo, kisha akaenda zake.